Sipo, Nimelala kwa Shangazi

Dada yangu mkubwa ni mtunza vitabu na mimi ni fundi seremala. Kwa hiyo kwetu mmoja anakata mbao, mwingine anakata watu maneno. Mtaani wanamwita Mama Kimya, kwa lile neno analolisema mara mia kwa siku akiwa kazini. Nyumbani, na mashahidi tupo, hanyamazi hata akiwa na mswaki mdomoni.

Maktaba yake ni chumba kimoja kirefu nyuma ya ofisi ya posta. Sakafu ya saruji imepasuka na inateremka kuelekea mlangoni. Madirisha ni manne, matatu yanafunguka. Miaka ishirini na mbili iliyopita aliajiriwa pale kufagia. Mkutubi aliyekuwepo akastaafu. Aliyeletwa baada yake akakaa wiki tatu, akatoka kwenda kunywa chai, mpaka leo anakunywa. Wa tatu hakuletwa kabisa. Dada akaendelea kufagia, watu wakaendelea kuingia kuuliza vitabu, na aliyekuwepo wa kuulizwa ni mwenye ufagio. Mwishowe makao makuu wakamwandikia barua kwamba awe mtunza vitabu wa muda. Huo muda una miaka kumi na tisa sasa.

Hakuna aliyemfundisha kupanga. Namba alizoacha yule mkutubi mgongoni mwa vitabu zilishafutika, nyingine zililiwa na mende. Dada akapanga anavyojua yeye: kwa ukoo. Kitabu kina ndugu zake, anasema, na ndugu hukaa pamoja.

Siku moja nilimuuliza mbona kitabu cha kufuga kuku kimekaa katikati ya dua na sheria ya mirathi. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini miguu iko chini.

"Mtu akifiwa huja hapa mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza anataka dua. Akishalia akanyamaza, ndugu wa marehemu wanaanza kuulizia kiwanja, anakuja kutaka sheria ya mirathi. Mara ya tatu anawaza ataishije na watoto, anataka kuku. Sasa nimtembeze chumba kizima na huzuni yake?"

"Na asiyefiwa akitaka kuku?"

"Apite hapohapo. Aliyekwambia msiba unachagua ni nani?"

Huo ndio ulikuwa ukoo wa Msiba. Kulikuwa na ukoo wa Harusi, wenye mapishi, ushonaji na malezi, na mwisho kabisa, ukutani, sheria ya talaka, kama shemeji asiyependwa lakini lazima aalikwe. Siasa na riwaya alizipanga zitazamane. "Hao watani," alisema. "Wote waongo, ila mmoja anakiri."

Mimi sikuelewa kitu, na sioni haya kusema. Shuleni niliishia pale walipoanza kuweka herufi kwenye hesabu. Lakini niliona kwa macho yangu: mtu anaingia, anaeleza shida yake, Dada anainua mkono bila hata kugeuka, kitabu hiki hapa. Katika miaka yote hiyo alipoteza vitabu viwili tu, na mmoja wa wezi alikuwa mchumba wa binti yake, kwa hiyo kile tunakihesabu kama mahari iliyotoka kinyumenyume.

Basi, barua ikaja. Dada alinisomea akiwa amesimama.

Vitabu vyote vipangwe kwa namba kwenye makabati kumi. Alhamisi ya wiki ya pili atafika mkaguzi, pamoja na mtu ambaye hajawahi kuingia maktaba hiyo. Mtu huyo atapewa vikaratasi kumi vyenye majina ya vitabu, avitafute mwenyewe, dakika mbili kila kimoja. Mtunzaji akae nje, asiseme neno. Vikipatikana saba, maktaba inabaki. Visipofika saba, vitabu vinahamishiwa ghala la makao makuu, na mtunzaji anarudishwa kwenye kazi yake ya awali.

Kazi yake ya awali ilikuwa imeegemea nyuma ya mlango, yenye njiti chache zilizobaki. Sote wawili tukaitazama.

"Siudharau ufagio," alisema Dada. "Ufagio umenilea. Lakini nimeshajua nani anahitaji nini humu ndani. Leo nikafagie ghala, vitabu vimefungwa kwenye maboksi, na mtu aliyefiwa amesimama huku nje hajui pa kugonga? Nitapasuka, mdogo wangu."

Pamoja na barua waliletwa wageni wawili: daftari lenye jina la kila kitabu na namba yake, na kitabu kiitwacho Mwongozo, mnene kama tofali la kuchoma, cha kueleza namba zenyewe.

Kazi ya makabati ikaangukia kwangu. Mbao hazikuwepo, lakini shule ya jirani ilikuwa imebadilisha milango, ile ya zamani imetupwa uani. Niliihesabu: kumi. Nikasema Mungu si mjomba wa mtu lakini leo kanikumbuka. Mlango mmoja, kabati moja, yote kumi sawasawa kama mapacha. Nikapaka rangi ya mafuta, nikaandika namba kubwa juu, moja mpaka kumi, nikasimama pembeni nikisubiri kusifiwa.

Dada akapita mbele yake polepole. "Hii kumi ya nani?"

"Ya mwisho."

"Hakuna kumi. Namba za hawa zinaanzia sifuri, zinaishia tisa."

"Zinaanzia sifuri? Dada, sifuri si kitu! Nani anaanza kuhesabu kabla hajafika?"

"Mimi nitajuaje? Soma mwenyewe."

Nikasoma. Kweli, sifuri ilikuwepo, tena yenye watu wake: vitabu vya kueleza mambo ya vitabu. Rangi ilikuwa imeshakauka na nyingine hakuna. Nikachukua patasi, nikakwangua ile moja ya kumi, ikabaki sifuri. Kwa hiyo maktaba yetu inaanzia moja, inakwenda tisa, halafu sifuri iko mwisho kabisa mlangoni, kama mtu aliyechelewa mkutano.

Ndipo tukaanza kuwapanga, mimi nasoma daftari, yeye anaandika namba mgongoni na kubeba. Kichwa kikaanza kuniuma siku hiyohiyo. Kitabu cha dawa za miti, ambacho wakunga wawili wa mtaani hukigombania, daftari lilikipeleka kwa sungura na fisi, kwenye ngano. Tukafika kwenye dini, kabati la pili. Nikakuta dini moja imepewa namba saba nzima, na zilizobaki zote duniani zimebanwa kwenye moja, magoti yamegusana.

"Labda wamekosea," nilisema.

"Hawajakosea. Aliyeanza kupanga alikuwa mtu wa ng'ambo, zamani za babu zetu. Alikuwa na vitabu vyake mbele yake, akavigawia vyumba. Sisi hakutuona. Hata wewe ukiambiwa uwajengee nyumba watu usiowajua, utawawekea chumba kimoja cha uani."

"Kwa hiyo tumekaa uani?"

"Nenda kabati la nane ukaone."

Kabati la nane ni la fasihi. Hadithi za wenzetu zina namba fupi, tarakimu tatu na umefika. Hadithi za lugha yetu namba yake ina nukta katikati na mkia nyuma, kama anwani ya mtu anayekaa nyumba ya mwisho baada ya mto. Na zote zina namba hiyo moja, hata ya kutofautiana hawakupewa. Ikabidi tuzipange kwa herufi ya kwanza ya jina. Halafu hesabu ikatukabili: maktaba ile karibu nusu ni hadithi. Vitabu mia mbili na kumi na nne vya namba moja, na kabati langu la nane, pacha wa wenzake, linabeba themanini. Kabati la kwanza, la falsafa, lilikuwa na vitabu vinne vinapunga upepo, kimojawapo kurasa bado zimegandana.

"Ongeza kabati," Dada alisema.

"Milango imekwisha. Nikachukue wa posta?"

Akashika kiuno. Akazitazama zile hadithi zilizobaki sakafuni, akatazama makabati yenye nafasi. Nikajua linalokuja.

"Wakalale kwa ndugu zao," alisema.

Na akawagawa. Riwaya ya mtu aliyesingiziwa wizi ikaenda kabati la tatu, kwa sheria, ambaye ni mjomba wake. Ile ya mwanamke aliyeugua miaka saba ikaenda la sita, kwa vitabu vya tiba, kwa shangazi. Ya mabaharia ikaenda la tisa, kwa jiografia. Kila mmoja namba yake mgongoni, lakini mwili uko kwa watu. Yeye mwenyewe alijua kila mmoja amelala wapi, hakuandika popote.

Hapo nikapandisha sauti. "Dada, umesahau barua? Wewe utakuwa nje! Huyo mtu ataangalia daftari, ataambiwa nane, ataenda nane, hamkuti. Atajuaje kwamba mtu yuko kwa shangazi yake?"

Akakaa juu ya ndoo. Kwa mara ya kwanza maishani nikaona jina la Mama Kimya linamfaa, na sikulipenda. Ilikuwa Jumanne.

"Labda," nikasema kwa kejeli, maana nikiogopa huwa mkali, "labda kila mmoja aache kikaratasi mlangoni, kama unavyoacha wewe ukitoka. 'Nimeenda sokoni, ufunguo kwa jirani, chai iko kwenye chupa.'"

Akainua kichwa. Akanitazama muda mrefu mpaka nikajipapasa usoni kama nina rangi.

"Mdogo wangu," alisema, "mara mojamoja huwa una akili. Nenda kaniletee maboksi ya viatu."

Tukakata kadi usiku ule na mchana wa kesho yake, mimi na msumeno mdogo, yeye na kalamu. Kila kitabu kilichohama kikaacha kadi pale ambapo kingekuwa, kwa herufi yake. Nilidhani ataandika kabati na mstari, basi. Nikaokota ya kwanza. Imeandikwa: Sipo. Nimelala kwa shangazi, kabati la sita, mstari wa chini.

"Si ungeandika sita tu?"

"Ukimpa mtu namba tupu, akigeuka ameisahau. Ukimwambia kwa shangazi, atajiuliza shangazi gani, na huku miguu inakwenda."

Hakuishia hapo. Wale wa ukoo wa Msiba sasa walikuwa wametawanyika, dua kabati la pili, mirathi la tatu, kuku la sita, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Kwa hiyo mwisho wa dua akachomeka kadi: Ukiwa tayari, mirathi iko kabati la tatu. Na kwenye mirathi: Ukimaliza hapa, kuku wako kabati la sita, mstari wa juu. Usikate tamaa.

"Hii nayo mkaguzi ataielewa?" niliuliza.

"Hii si ya mkaguzi."

Jumatano jioni kila kitu kilikuwa mahali pake, au kwa ndugu wa mahali pake. Dada akaenda kuoga. Mimi nikabaki nafagia vumbi la mbao, nikaona kabati la sifuri linacheza. Sakafu pale mlangoni inateremka, mguu mmoja unaning'inia. Nikatafuta kabari, kipande cha mbao hakuna, vyote nimeshavitia kwenye gunia. Nikaona ule Mwongozo. Kazi yake imekwisha, nikajisemea, na unene wake ni uleule niutakao. Nikauchomeka chini ya mguu. Kabati likatulia kama limepigiliwa. Nikaenda kulala na amani yangu.

Alhamisi saa nne wakafika. Mkaguzi alikuwa mwembamba, saa mkononi na nyingine mfukoni. Mtu asiyewahi kuingia maktaba ile alikuwa dereva wake, pande la mtu, na ilionekana hajawahi kuingia maktaba yoyote, maana alivua kofia na viatu. Mkaguzi akamwambia avae viatu.

Mimi na Dada tukakalishwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha lililofunguka. Yeye mikono mapajani. Mimi nahesabu kwa vidole.

Cha kwanza kikapatikana. Cha pili kikapatikana. Cha tatu ilikuwa riwaya.

"Bosi, huyu hayupo," tukasikia sauti ya dereva. "Ameacha ujumbe."

"Ujumbe gani?"

"Anasema amelala kwa shangazi."

"Shangazi wa nani?" aliuliza mkaguzi.

"Wake, nadhani. Kabati la sita, mstari wa chini. Nimfuate?"

"Mfuate... sijui. Haya, mfuate."

Akampata. Tatu. Cha nne kikatuangusha, na kosa lilikuwa la Dada: alikihamisha mara tatu kwa ajili ya nafasi na kila mara aliacha kadi. Dereva akatoka la nane kwenda la tatu, la tatu kwenda la tisa, anahema. "Huyu naye ana matembezi!" alilalamika. Muda ukaisha akiwa njiani. Cha tano ndiyo. Cha sita kilikuwa sheria ya mirathi, alikipata mapema sana, lakini hakusema "Bosi, huyu hapa" kama alivyokuwa akifanya. Alikaa kimya mpaka mkaguzi akamuuliza kama amekipata. Akasema ndiyo, ndiyo, kipo. Cha saba ndiyo. Cha nane hapana. Cha tisa hapana, alisoma herufi vibaya kwa haraka.

Sita. Nikatazama vidole vyangu, nikavirudia, vikabaki sita. Dada midomo ilikuwa inacheza bila sauti.

"Cha kumi," alisema mkaguzi, "Mwongozo wa Namba."

Nikamgeukia Dada nimwambie, akaninyooshea kidole: kimya. Sheria ni sheria. Nikajishika kichwa. Miaka ishirini na mbili ya mtu, na mimi nimeiweka chini ya mguu wa kabati.

Ndani, dereva amesoma daftari: sifuri. Akaenda mwanzo wa mstari, kama mtu yeyote mwenye akili. "Bosi, hapa panaanzia moja. Sifuri hakuna!" Halafu: "Ngoja, kuna ujumbe." Akausoma kwa sauti, taratibu. "Sifuri yuko mwisho, karibu na mlango. Fundi ni mdogo wangu, msamehe."

Nikamtazama Dada. Hakunitazama.

Viatu vikakimbia mpaka mlangoni. "Imebaki nusu dakika," alisema mkaguzi, na sauti yake ilikuwa imeingia wasiwasi, kana kwamba anaye mchezaji uwanjani.

"Hayupo! Ujumbe tena. 'Nimebeba ukoo mzima. Tazama chini, mguu wa kushoto.'"

Kishindo cha magoti. Halafu kishindo kingine, kikubwa, na vitabu vikimwagika, na sauti ya dereva kutoka chini yake: "Bosi! Huyu hapa! Nimemshika!"

"Sekunde nne," alisema mkaguzi.

Tukaingia. Kabati la sifuri lilikuwa limelala ubavu. Dereva amekaa sakafuni katikati ya vitabu, ameukumbatia Mwongozo kama mtoto aliyeokolewa mtoni.

"Ulijua?" nikamnong'oneza Dada.

"Unadhani nililala bila kupita kuwaangalia? Umekuwa ukichomeka vitu chini ya meza tangu una miaka sita."

Mkaguzi alikuwa anageuza kalamu. "Saba," alisema. "Vimepatikana saba. Kimoja mguuni." Akaangalia fomu yake juu na chini. "Maktaba inabaki, Mama, na wewe unabaki. Lakini hapa kuna sehemu, 'mfumo uliotumika'. Sijui niandike nini."

"Andika namba."

"Namba tupu hazikumfikisha huyu bwana popote. Nilimtazama. Alikuwa anafuata shangazi."

"Basi andika namba na ndugu zake."

Akafikiri, akaandika. Mpaka leo sijui makao makuu walisoma wakaelewa nini, maana hata mimi niliyekuwepo sijaelewa vizuri. Aliomba kadi moja aende nayo. Dada akakataa, akasema kitabu chenye kadi hiyo kikirudi kwake kitakuta hakina anwani.

Dereva alibaki nyuma kutusaidia kuinua kabati. Alipomaliza hakuondoka. Akasimama mbele ya kabati la tatu, kofia mkononi, anaisoma ile kadi ya kuku.

Dada akamsogelea. "Pole sana, mwanangu. Nani?"

"Mama mzazi." Akashtuka. "Umejuaje?"

"Lini?"

"Mwezi wa pili sasa. Wadogo zangu wote wako kwangu."

"Basi kuku bado," alisema Dada, "na hata hapo bado. Anza kabati la pili, mwisho kushoto. Utarudi."

Akaazima kitabu kidogo cha dua, akakitia kifuani ndani ya shati, honi ya bosi inalia nje.

Mimi nilitengeneza mguu wa kabati, kwa mbao safari hii. Mwongozo umerudi kwenye nafasi yake, na kadi yake Dada ameitupa. Juzi nilipita kumpelekea Dada chai, nikamkuta yule dereva kabati la tatu, amesimama na mirathi mikononi, anasoma huku midomo inacheza. Nikataka kumsalimia. Dada akaninyooshea kidole.